Golikipa kwa Seti ya Jezi

Mwembesongo,
S.L.P. 1147,
Morogoro.
19 Aprili 1995

Mpendwa kaka Salum,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako Hidaya. Hujambo wewe, hajambo wifi Chausiku, hawajambo watoto? Na lile goti lako linalokusumbua kila mvua ikianza, linaendeleaje? Tunasikia mwaka huu tembo wa hapo Kisaki wameingia mashambani mpaka karibu na stesheni. Kama ni kweli, mwambie wifi asiende kuokota kuni peke yake.

Sisi huku wazima wa mwili. Mama nilikwenda kumwona Matombo mwezi uliopita. Anakohoa kidogo, lakini bado tukipanda mlima yeye ndiye anayetangulia na sisi tunaomba tupumzike. Anauliza wewe unakuja lini, na mimi kila mara namdanganya kuwa karibu. Masika ni kali, milima haionekani kwa mawingu, na kuni zangu za supu zimelowa hadi napuliza moto macho yanakuwa mekundu. Lakini wateja wapo, namshukuru Mungu.

Nimesema wazima wa mwili. Moyo wangu, kaka, umechafuka, na waliouchafua ni watu ninaowapikia supu kila asubuhi. Jambo lenyewe ni la mpwa wako Abdulatif. Wanataka kumpeleka Dar akachezee timu nyingine, na badala yake timu yetu ipewe jezi. Sijakosea kuandika. Jezi za kuvaa. Nakuomba usome taratibu mpaka mwisho, maana kuna neno nalitaka kutoka kwako.

Unakumbuka kiwanda cha mablanketi kilivyouzwa. Yule mwenye mali mpya hataki kusikia habari za mpira, anasema yeye alinunua mashine, wachezaji hakununua. Basi timu, ambayo watu bado wanaiita Blanketi, imebaki yatima. Wachezaji waliokuwa na ajira kiwandani leo wanauza mitumba, na wale wenye bahati wanabeba magunia sokoni. Jezi ni zilezile za zamani, jina la kiwanda limebanduka mgongoni, zimebaki herufi mbili tatu. Abdulatif anadakia ile ya njano ya mikono mirefu. Viwikoni nimemtilia viraka vya blanketi, na hajawahi kulalamika.

Mwezi wa pili kamati ikatangaza kwamba amepatikana kocha mpya kutoka Dar, anaitwa Severini. Ungewaona watu wazima, kaka. Walikwenda kumpokea Msamvu na ngoma, na Paulo kinyozi, ambaye ndiye kiongozi wa mashabiki, akambebea begi kichwani mpaka nyumba ya wageni. Mtu hajasimamia hata mazoezi ya siku moja, tayari wamempa jina la Profesa. Filimbi haitoki shingoni. Hata kwenye supu yangu anakuja nayo, akiinama inaingia bakulini. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi hicho kidonda nimekiona kwa macho.

Profesa hakuja peke yake. Alikuja na kipa wake, ndugu wa mkewe, kijana mrefu ambaye mpira ukija chini anausindikiza kwa macho. Baada ya wiki chache Profesa akaanza kusema kuwa soka la kisasa linataka kipa mrefu, na Abdulatif ni mfupi. Huyo mfupi ndiye aliyewatoa daraja la tatu. Nilidhani mashabiki watamcheka. Wakatikisa vichwa, wakasema kweli, Profesa kaona mbali.

Kisha likaja hilo la Dar. Kuna timu huko inaitwa Mchikichini Rangers, mdhamini wake ana maduka ya nguo. Wakasema wao wanamtaka kipa wetu, na hawana haja ya maneno mengi, watatoa seti nzima ya jezi mpya kutoka Dubai. Kamati ikarukia. Kuanzia siku hiyo benchi langu la supu likawa mnada. Wanakaa pale asubuhi, wanasajili na kuuza watu, huyu aje, yule aondoke, nani abadilishwe na nani, na mimi mama mzazi nawakatia ndimu.

Siku moja Paulo akaninyooshea bakuli, akaniambia, "Dada Hidaya, ongeza mchuzi kidogo." Halafu akawageukia wenzake kama mimi ni kiguzo cha kibanda. "Hivi zile jezi zinakuja na soksi au hazina soksi?"

Mwingine akajibu, "Kama hazina soksi hatumtoi. Tusidhulumiwe."

Kaka, nilimnyang'anya Paulo bakuli nikaimwaga supu mtaroni mbele yake. Akashangaa, akaniuliza kama naumwa. Hakujua alichosema, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Mwanangu, waliyembeba mabegani mwaka jana, wanabishana kama ana thamani ya soksi.

Kwangu hawakuja kuuliza kitu, wala wewe hawakukuulizia. Kamati ile ni watu kutoka kila mkoa, wao wakasema mtoto ana baba, twendeni kwa baba. Wasiojua nawasamehe. Lakini huyo baba yake, Kondo, ni Mluguru wa Kinole. Anajua kuwa mtoto ni wa lukolo, wa ukoo wa tumbo la mama yake, na mwenye kusema juu yake ni mjomba. Yeye mwenyewe alipotaka kuniacha, alitangulia kumwita mjomba wake wakakaa. Leo wamempelekea koti la trakisuti huko Kihonda kwa mke wake mpya, akasaini karatasi kama anayepokea mbolea ya mkopo.

Nilimkuta sokoni amelivaa, zipu mpaka kidevuni, jua la saa saba. Nikamuuliza kama hasikii joto. Akanijibu, "Hidaya, dunia imebadilika. Sasa hivi ni soko huria."

Nikamwambia soko huria ni la nyanya, mtoto wa watu ana wenyewe. Akanizunguka akaenda zake. Mwanamume mzima, mgongoni kaandikwa Mchikichini.

Sasa nikueleze habari za mwanao mwenyewe, Abdulatif. Nilipomwambia baba yake amesaini, alikuwa anafua soksi zake uani. Hakuacha kufua. Aliniuliza tu, "Mjomba kasemaje?" Nikamjibu mjomba hajasema, hata habari hana. Akasema, "Basi mimi sijaenda popote, mama. Wewe usigombane nao, watakuharibia biashara." Nikaingia ndani nikalia kidogo, kisha nikatoka nikamenya vitunguu ili asijue kilichoniliza.

Jezi zililetwa kabla hujasema, kabla ya mtu yeyote wa kwetu kukaa kitako na mtu wa kwao. Kwetu hata posa haipokelewi hivyo. Paulo akazitembeza mtaani kwenye mkokoteni na ngoma mbele. Zilikuwa nyekundu, sitaki kusema uongo, zilipendeza. Soksi zilikuwepo.

Jumapili tukacheza na timu kutoka Kilosa. Yule shemeji wa Profesa karatasi zake zilikuwa hazijakamilika, ikabidi adake Abdulatif. Wakampa jezi mpya ya kipa. Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi, akatoka na ile ya njano yenye viraka. Uwanja mzima ukamzomea. Watu ninaowajua kwa majina, watu wanaokula kwangu kwa mkopo, wakamwita mshamba wa milimani. Paulo alikuwa mbele yao. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya goli na mwavuli, nikayasikia yote, na kila aliyepiga mluzi nilimtazama mpaka ageuze uso.

Kipindi cha pili mvua ikashuka kutoka Uluguru, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Nilidhani macho yangu yana moshi wa kuni. Wachezaji wetu wakaanza kutoka damu shingoni. Kumbe ni jezi. Rangi ikachuruzika, kaptula nyeupe zikawa za waridi, mapaja mekundu, na beki mmoja alijifuta jasho akabaki na uso kama aliyepigwa. Wale wa Kilosa walicheka hadi mmoja akakaa chini. Sikucheka, kaka, ingawa nilitamani. Tulitoka sare bila kufungana, na sare hiyo ilitoka kwenye mikono ya mwanao. Yeye peke yake alirudi nyumbani na rangi aliyoingia nayo.

Ungedhani chukizo langu lingeishia hapo. Sasa ndiyo limekomaa. Jumatatu asubuhi Paulo alikuja na kundi lake mpaka mlangoni, shingo bado nyekundu maana alivaa jezi ya ziada, wanaimba Latifu hauzwi, Latifu wetu, Latifu damu ya Morogoro. Profesa naye alikuja na filimbi yake, sasa anasema kipa mfupi ana wepesi wa kuruka. Kamati inataka kuwarudishia Mchikichini jezi zao na kumbakiza kijana.

Nikatoka na mwiko mkononi, nikamuuliza Paulo swali moja. "Na zile jezi zisingechuja?"

Akaniuliza kama supu imeiva. Nikafunga mlango, na siku ile sikuuza.

Afadhali wangebaki kumzomea. Kuzomewa mtu anajua aliposimama. Hawa wamemrudia kwa kuwa bidhaa ni mbovu, si kwa kuwa walimkosea. Kesho zikija jezi nzuri za bluu watamtoa tena, na wataniomba niongeze mchuzi.

Jambo jingine ujue. Jana alikuja mwalimu wa makipa wa hao Mchikichini, mzee mmoja mpole. Alikaa kwenye benchi langu, akala chapati, akanawa, ndipo akaniuliza, "Mama, kwenu mwenye kusema juu ya kijana huyu ni nani?" Ndiye mtu wa kwanza kuuliza. Akasema habari za jezi zilifanywa na tajiri wao, yeye zimemwaibisha, lakini kijana bado anamtaka kwa kuwa alimwona akidaka. Usajili unafungwa mwisho wa mwezi huu. Nikamwambia mwenye kusema yuko Kisaki, nitamwandikia.

Basi na mimi niseme langu, kisha wewe useme lako. Nataka aende. Kuandika hivyo kumeniuma, maana tangu Kondo aondoke ni yeye anayenichotea maji alfajiri, na nyumba hii bila sauti yake sijui nitaikaaje. Lakini hapa hawatamwona tena kama mtu, wamekwisha kumpima. Ila asiende kwa jezi zile. Kwanza zirudi zote, hata zilizopauka, na koti la Kondo lirudi pamoja nazo. Kisha wewe ukae na yule mzee, muongee watu wazima kwa watu wazima, na Abdulatif awepo asikie mwenyewe anasemwaje. Hapo hata akikaa benchi huko Dar, atakaa akijua alitoka kwao kwa mlango.

Njia ya Mvuha najua ni tope tupu, usijaribu na goti hilo. Panda treni mpaka Dar, halafu basi. Barua hii nampa dereva wa lori la mbao, amesema ataifikisha stesheni kwa mkono wake.

Msalimie wifi Chausiku sana, mwambie kitenge alichoagiza nimekipata. Nisalimie binti yako Latifa, mwambie shangazi amefurahi kusikia amefaulu. Mama yetu Mwanvita anakusalimu na anasema amekuwekea machenza, ila usipokuja atawapa nyani.

Hayo machenza yamenikumbusha. Ni wewe uliyemfundisha kudaka, pale Matombo, unamrushia chenza moja moja na kumwambia likianguka huli. Alikuwa anasimama mikono mbele, hapepesi macho, na wewe ulikuwa unamchelewesha makusudi. Kaka, tangu Jumapili anakaa uani vilevile. Usimcheleweshe safari hii.

Mungu akulinde njiani, alipe nguvu goti lako, atukutanishe kabla mwezi haujaisha.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja, nikupendaye na kukungoja,

Hidaya