Uso Wako Ukutani kwa Bwana Vichwa

Dada Nyemo,

Nimekuona. Nilikukuta umetundikwa ukutani bomani Dodoma, kati ya kichwa cha kifaru na ngao, na tulikuzika tangu masika. Nitakueleza kwa mpangilio, kama ninavyowaandikia watu wa gazeti, maana nikiacha mpangilio nitapiga kelele.

Unamkumbuka Bwana Vichwa, yule Mdachi aliyekuja kupima watu vichwa kwa koleo lake. Ulikwenda bomani kuuza maziwa, akakulaza chini, akakutia mirija puani upate kupumua, akakumwagia chokaa usoni mpaka ikakauka. Ulirudi Ihumwa na chembe nyeupe kwenye nyusi, unacheka. "Mdogo wangu, nimezikwa nikafufuka, na maziwa yameganda!" Nami nikacheka. Kichomi kilichokuua kilikuwa bado hakijakupata.

Kutokana na chokaa ile ametengeneza sura yako. Amejaza chumba kizima: ndege waliokaushwa, mikuki, vibuyu, mafuvu ya wanyama, na nyuso za watu. Mwezi uliopita mwalimu wa shule ya serikali aliwapeleka wanafunzi wake wakajifunze humo, nami nikaitwa niandike habari. Walimtazama kifaru, wakamzomea kidogo, wakafurahi. Kisha wakafika kwako, wewe uliyekuwa ukiwauzia maziwa mlangoni pa shule. Wakasimama. Wakasema kwa pamoja, "Mbukwenyi, mama!" Wakangoja uitikie. Ndivyo walivyolelewa, mtoto wa Kigogo hampiti mtu mzima bila salamu.

"Mnamwamkia nani, nyie mbuzi?" mwalimu akafoka. Yeye ni mtu wa pwani. "Hiyo ni chokaa!"

"Tumemkuta, mwalimu," mmoja akajibu. "Tungempitaje?"

Askari wa mlangoni akapasuka kwa kicheko. "Ngojeni basi, labda amelala!"

Nilidhani fimbo za mwalimu ndizo zingekuwa mbaya kuliko yote. Hapana. Bwana Vichwa aliuliza watoto wanasema nini, akatafsiriwa, akapendezwa. Akaleta sanduku lake la kupigia picha, akawaamuru wakuamkie tena. Kisha tena, kwa sababu mmoja alitikisika. Mara ya mwisho walikuwa wameshajua kwamba hutaitikia. Nami nimesimama na kalamu yangu kama nguzo! Niliyaandika yote. Gazeti lilipofika kutoka pwani lilisema wanafunzi walifurahi sana.

Nilipomweleza Mama hakulia. Aliuliza tu, "Wamempaka mafuta?"

Nikasema hapana, ni mweupe, mkavu kama jivu.

Kesho yake akaenda bomani kwa miguu na kibuyu cha mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Akataka apewe uso wako akauzike. Mimi ndiye niliyetafsiri. Bwana Vichwa akasema, "Mwambie huyu si mwanawe. Huu ni mfano wa kabila. Masanduku yanaondoka kwa gari la moshi."

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Muulize, mama yake yeye angemwacha ukutani hajapakwa mafuta?"

Sikuwahi kuuliza. Mama alikuwa ameshampita, ameshakushika mashavu kwa viganja vyake, anakupaka polepole, paji, pua, kidevu, huku akikuita. Chokaa ikayanywa mafuta yote. Ukawa mwekundu. Ukawa wewe.

Askari akamkamata mkono. Nikasema kibuyu ni changu, mimi ndiye niliyemtuma. Nikalazwa, nikachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na juu ya hilo sina la kuongeza. Uso wakautupa jalalani nyuma ya boma, kwa kuwa umeharibika. Tuliuokota, tukauzika kando yako.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nilipokuwa najifunga shuka baada ya viboko, Bwana Vichwa aliniambia nisijisumbue, hajapoteza kitu. Kalibu, lile ganda la kwanza lililoshika ngozi yako, iliondoka zamani kwenda Ulaya. Huko watatoa nyuso zako nyingine, kadiri wapendavyo, na walimu wa huko watawapeleka watoto wao kuzitazama. Nikamuuliza zitaandikwa jina gani.

"Mwanamke wa Kigogo," akasema.

Alisema kwa upole. Kwa upole, Dada! Kama mtu anayekuonyesha njia.

Basi sikia. Karani wa boma amenipa mahali masanduku yanakopelekwa, mji na nyumba. Kila barua zinapoondoka, yangu itakuwemo: huyo mliye naye ni Nyemo wa Ihumwa, muuza maziwa, amekufa, ana mama, na mama yake anamtaka. Wasipojibu nitaandika tena. Wakijibu kwa upole, nitaandika kwa ukali zaidi.

Kwaheri, Dada. Wewe pumzika upande huu. Ule mwingine niachie mimi.

Ndimi mdogo wako.