Diski Mbili za Kompyuta ya Gemu

Nachingwea, Jumapili usiku, 2006

Shemeji Rashidi, mume wa dada, kakaa Dar kidogo tu, basi karudi fundi wa kila kitu.

"Hizo diski mbili ziunganishe zifanye kazi kama moja," kaniambia leo, kakalia kiti changu. "Gemu litafunguka fasta."

"Na moja ikifa?"

"Shemeji, una woga wa kizee."

Woga! Zikiunganishwa hivyo, ikifa moja, vyote vimekwenda. Kaseti ya marehemu baba ilishakatika; sauti yake imebaki kwenye kompyuta tu. Eti niihatarishe ili mpira wake wa kwenye kioo uwahi kuanza.

Alipoenda kunywa chai nikaziacha diski kila moja peke yake: gemu kwenye moja, sauti ya baba kwenye zote mbili. Alirudi, akacheza, hakugundua lolote. Fundi huyo!

Jioni dada akaomba kumsikia baba. Nikafungua. Baba akasalimia kwa Kimwera, akacheka kile kicheko chake, dada akalia kimya kimya.

Rashidi akauliza kama tumemaliza, aendelee na mechi.

Na dada akampisha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.