Guka Alivyojipa Shamba

Selpha, nimecheka hadi nikatoka nje! Cucu, nyanya yetu, ametuambia sasa hivi vile alikutana na babu, Guka Thuo, mwaka wa 1968.

Ilikuwa dansi ya Jumapili mchana hapa Eldoret, bendi ikipiga magita. Guka akamwambia ana shamba kubwa kule Plateau. Shamba! Na alikuwa kibarua wa kukama ng'ombe za watu!

Cucu akaamini, akampelekea mwimbaji jina la Guka na habari za shamba ili amsifu kwenye wimbo. Mwimbaji akaimba, "Thuo, mwenye shamba Plateau!"

Ukumbi mzima ukageuka. Bosi wake Guka, kumbe naye yuko hapo, akauliza kwa sauti, "Thuo, shamba langu nilikuuzia lini?"

Guka alitaka ardhi immeze. Akaanza kutafuta mlango.

Cucu akamshika mkono. "Rudi hapa. Mimi sikuja kucheza na shamba."

Selpha! Eti hakuja kucheza na shamba!