Samaki Mwenye Kiwiko

Matema, Kyela

Dada yangu Pendo,

Ugonile! Ndivyo tunavyosalimiana huku, na siku hizi natamka bila kuchekwa. Mu wazima huko Singida? Magoti ya Mama yamepoa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umelowa kama majaruba ya mpunga ya huku, maana mvua haitaki kukatika. Ningekupigia simu ningelia tu usielewe kitu.

Baba mkwe amefariki, Dada. Tumemzika juzi.

Kwanza nikwambie ninavyopendwa, usije ukadhani najuta. Lusekelo wangu bado ni yule yule mliyemwona harusini. Akitoka shule kufundisha Baiolojia, ananiita kutoka barabarani kama mtu aliyepotelewa na kitu. Jioni moja alinichora mkononi kwa mkaa (hapa usimsomee Mama): begani hadi kwenye kiwiko mfupa mmoja, chini yake miwili, halafu vifupa vidogo vya kifundo. Kila alipochora akabusu. Akasema mifupa hiyo hiyo, kwa mpangilio huo huo, imeonekana ndani ya pezi la samaki wa kale aliyegeuka jiwe, aliyechimbwa nchi za baridi kaskazini. Ana magamba na mapezi, lakini kichwa ni bapa kama cha mamba, na shingo anayo. Katika miamba ya baadaye kuna wanyama wenye miguu na vidole vinane, nao bado wana mkia wa samaki. Ndiyo njia ya samaki kufikia chura, na hatimaye sisi, akasema. Nililala nimeushika mkono wangu kama zawadi.

Samaki huyo ndiye aliyemgombanisha Lusekelo na baba yake. Alipomfundisha darasani, wanafunzi walianza kuitana "mjukuu wa kambale", maneno yakafika kanisani, na Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alimwambia mwanawe, "Nimevua ziwa hili tangu kijana. Sijaona samaki mwenye kiwiko." Basi, hakusema naye tena.

Ungeniuliza kwa nini mimi mkwe nisimbembeleze. Dada, huku mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Familia nyingi zimelegeza, hii haijalegeza. Mzee alikuwa akikohoa kabla ya kuingia uani, nami navuta kanga kichwani nakimbilia ndani. Miezi yote hii nimemjua kwa kikohozi tu.

Alipougua akawa analala kutwa chumbani kwake, nami jikoni, ukuta katikati. Siku moja nikasikia, "Mama Lusekelo, muulize huyo mtu, samaki mwenye mkono alikuwa anashika nini?"

Mama mkwe anapepeta mchele. "Baba anauliza alikuwa anashika nini."

"Mwambie, Mama, hakushika. Alikuwa anajisukuma kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu."

"Mwambie kambale nao wanatembea majarubani mvua ikinyesha, na kiwiko hawana!"

"Mwambie ndiyo maana Lusekelo anasema tutazame mifupa, si kutembea."

"Nyie mnasikiana vizuri tu," Mama akasema, "mimi mnanichosha bure."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Tukaendelea hivyo kila siku, na mimi nikawa namwomba Mungu ili mzee amwite mwanawe kabla hajazidiwa. Hakumwita.

Lusekelo alikuwa Kyela mjini kusahihisha mitihani, maji yamekata barabara, siku Baba alipozidiwa. Mama alitoka mbio kumfuata muuguzi. Nikabaki peke yangu, nimekaa nje ya pazia la mlango wake. Pembeni yangu palikuwa na lile pezi lenye mifupa ambalo Lusekelo aliwafinyangia wanafunzi kwa udongo wa wafinyanzi wa Kikisi, majirani zetu, na kwa mvua hii lilikuwa bado bichi. Nikasikia, "Lile pezi lipo hapo?" Nikalisukuma chini ya pazia.

Mkono ukatokea, Dada. Kidole cha shahada kimepinda kando, kiliwahi kunaswa na kamba ya wavu. Ukapapasa. "Mmoja... miwili... hivi vidogo." Ukasimama kwenye kifundo, ukabonyeza. Kisha akasema, "Yunis. Mwambie Lusekelo nimeuona mkono."

Jina langu! Nikajibu kwa sauti, "Ndiyo, Baba." Mama aliporudi na muuguzi, mzee alikuwa ameshatutoka.

Lusekelo alifika kesho yake, tope hadi kiunoni. Nikamwambia. Akanishika mashavu kwa upole kabisa, akasema, "Mke wangu, usinitungie. Baba hawezi kukuita jina." Nikamtazama Mama mkwe. Naye akatikisa kichwa: "Mwanangu, mzee yule alikimbia hata kivuli chako." Wote walidhani nawafariji. Wakati wa kumuaga marehemu, wanawake wakaniingiza alipolazwa, nikauona uso wake kwa mara ya kwanza. Paji la uso ni la Lusekelo.

Jana Lusekelo alikuwa anakusanya vitu vyake vya kufundishia. Lile pezi sasa limekauka. Akalishika, akasimama. Pale kwenye kifundo kuna alama ya kidole, imepinda kando. Akaweka chake, hakikuenea. Hakunitazama. Akatoka uani kwenye mvua ile ile.

Halafu nikasikia kikohozi. Kile kile, Dada! Nikavuta kanga kichwani nikainuka kukimbia, ndipo nikakumbuka hakuna wa kumkimbia. Nikasimama mlangoni nikimtazama mume wangu akikohoa na kulia.

Mwambie Mama, na shangazi aliyenifunda, waniombee. Mjomba wa Manyoni naye mpe salamu, na watoto wako wote nawakumbatia. Mimi sijambo, napendwa, na leo huku hakuna anayecheka.

Mdogo wako wa huku ziwani,
Yunis