Saini Yako kwenye Hati ya Hospitali

Mama yangu mpendwa,

Wewe ndiye uliyenisimulia jinsi babu na majirani zake wa Kisenyi walivyoijenga hospitali yetu. Enzi za Waingereza, mgonjwa Mwafrika alilazwa barazani mwa hospitali ya serikali, akingoja wengine wote watibiwe kwanza. Babu akatoa kiwanja, wanawake wakabeba matofali vichwani. "Hii ni wakfu, Zubeda," ulikuwa ukiniambia. "Mali ya wakfu haiuzwi."

Ulizalisha humo mpaka mgongo ukapinda. Mimi nikazaliwa humo, nikasomea ukunga, nikakufuata. Kina mama walituita sote wawili Musawo, yaani daktari kwa Kiganda. Tukiitika kwa pamoja, ulicheka hadi ukashika mbavu.

Mwaka huu, wewe ukiwa kaburini tayari, kampuni moja ilikuja ikabadilisha kibao cha langoni. Wodi ya wazazi ikageuzwa kliniki ya urembo wa ngozi. Nilisimama langoni na wenzangu, nikapaza sauti: "Mama yangu alikuwa mdhamini wa wakfu huu! Angekuwa hai msingethubutu!"

Mkurugenzi mpya aliniita ofisini, akanifungulia hati ya mauzo iliyosainiwa ungali hai. Wadhamini watano, saini tano. Ya tatu ni yako.

"Alitupa sharti moja tu," akasema kwa upole. "Wewe usiachishwe kazi. Na usiambiwe."

Nikakumbuka ule mchana tukimenya matooke, uliponiuliza, "Hivi, ukitoka hospitali utaenda wapi?"

"Nitoke niende wapi, Mama?" nikacheka. Ukainamisha uso, ukaendelea kumenya.

Ungeniambia, tungegombana, ningelia, yangekwisha. Sasa nigombane na nani? Wakunga wenzangu wote walifukuzwa, nikabaki mimi. Wananitazama kama niliyejua tangu mwanzo, na sina cha kuwaonyesha isipokuwa machozi.

Juzi mwanamke mwenye uchungu alizuiwa langoni. "Hapa hatuzalishi tena," mlinzi akamwambia. Nilimshika mkono, nikatoka naye nikiwa na gauni langu la kazi, tukatafuta zahanati ya jirani. Sikurudi. Ile kazi uliyonitunzia nimeiacha, Mama.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Akasema anataka kumpa mwanawe jina la mama yangu. "Anaitwa nani, Musawo?"

Nikajifanya naosha mikono.

Mungu akurehemu, Mama. Mimi bado sijaweza.

Binti yako,
Zubeda