Babu na Huyo Seveni

Mbuke, huwezi kuamini alichotusimulia bibi Lukresia sasa hivi, tena babu amekaa palepale!

Ni Ushirombo, miaka ya sabini. Bibi alikuwa anaanza kazi zahanati, na namba za kipimajoto alitakiwa azitaje kwa Kiingereza. Basi akawa anajifunza jikoni, kwa sauti ya chini.

Babu Clemens anapita nje, anamsikia mkewe ananong'ona: "Seveni... seveni..."

Na jirani yao, fundi cherehani ambaye hakuwa na mke, aliitwa Severini!!

Babu akatega sikio wiki nzima. Ni seveni tu, tena kwa upole! Mwisho akaingia jikoni: "Huyo Severini amekupa nini mpaka unamtaja kama rozari?"

"Severini gani, Baba Apolinari? Hiyo ni saba kwa Kiingereza, ndiyo inayonishinda!"

"Saba gani ya kunong'onezwa?"

Bibi akaangua kicheko. Hapo ndipo alipoharibu.

Babu akaenda moja kwa moja kwa Severini. "Sema saba kwa Kizungu!" Maskini fundi akaapa hajui hata moja.

Mbuke, babu amesikiliza hadithi yote, kisha akasema: "Alijifanya hajui."