Chai ya Siku ya Kura

Nyumba ya pembeni,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na za wodini? Mgongo umepoa, au bado unainua wagonjwa peke yako kama vile hospitali haina wauguzi wengine? Shemeji hajambo? Na huyo mwanao mtundu? Sisi wazima. Tunakula, tunalala. Mimi nalala mno siku hizi.

Najua unachosubiri. Kiti cha kamati ya mtaa sikukipata. Nakwambia mapema ili mengine uyasome umetulia.

Kampeni ilikwenda vizuri, dada. Kikundi chetu cha akina mama wa sokoni kilipita nyumba hadi nyumba na hoja ile ile: soko zima lina choo kimoja cha wanawake, hakina mlango, na kamati ya wanaume watupu kila mwaka inasema italiangalia suala hilo. Hata fundi viatu, na ubishi wake wote, aliniahidi kura.

Siku yenyewe ukumbi wa shule ulifurika, na akina mama tulikuwa wengi kuliko wanaume. Unajua chai ya mikutano ya mtaa tunapika sisi, tangu enzi zako. Tukaiinjika jikoni nyuma ya ukumbi, tukaja kukaa.

Tukajieleza, mimi na mpinzani wangu muuza mbao. Mwenyekiti akatazama saa, akasema, "Jamani mama zetu, chai vipi?" Tukainuka. Wallahi hatukusukumwa na mtu. Kikundi kizima, na mimi mgombea mbele, nagawa kazi: wewe vikombe, wewe sukari. Hata Kipaza, mwenzetu wa kikundi aliyeninadi mpaka sauti ikakauka, alikuwa anachuja majani.

Tuliporudi na trei, mikono ilikuwa imeshanyooshwa na kuhesabiwa. Kipaza akaja juu. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kabisa kwamba hakuna aliyefukuzwa ukumbini. Kweli, hakuna. Muuza mbao akanipa mkono, akachukua kikombe, nami nikamuuliza anaweka sukari kiasi gani.

Sijalia, dada. Watu wanakuja kunipa pole, naitikia. Baba watoto ananibembeleza nigombane hata na yeye, mradi niseme neno. Sina kitu ndani. Nafua, naanika, naanua. Jana nilizifua nguo safi, zilizokwisha kukunjwa.

Leo mchana mwenyekiti ametuma mtu. Kamati mpya inakaa Jumamosi, kikao cha wazi, wanaomba chai. Kipaza na wenzake wakaja kwangu na sukari mkononi, wakabaki wananitazama usoni. Nikawaambia waipeleke makwao. Jumamosi tutaketi safu ya mbele, wote, na tutauliza habari ya choo. Wakacheka wakidhani natania. Kisha wakaacha kucheka.

Msalimie sana shemeji, na mama mkwe wako. Mtundu mbusu, akikubali. Baba watoto anakusalimu, na Kipaza anasema umetutupa.

Mungu akuweke, akupe nguvu kazini. Nami niombee jambo moja tu. Sauti ninayo, na hoja ninayo. Ila wakisema "mama zetu", naogopa miguu itainuka kabla yangu.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye siku zote.